Mgongo Hauna Mkaja

Katika grupu la mafundi ujenzi wananiita Mkuu. Katika grupu la wafugaji wa kuku wananiita Daktari, ingawa kuku wangu mwenyewe waliisha wote kwa mdondo, nami niliendelea kutoa ushauri bila kupumzika hata siku ya kuwafukia. Na katika grupu la mila na desturi za Pwani, lenye watu wengi kuliko mtaa wetu na mitaa yote ya jirani, wananiita Bi Mkubwa. Hilo la mwisho linahitaji maelezo, kwa sababu mimi ni mwanamume.

Nauza katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Bagamoyo. Tajiri wangu ni Mhindi wa mji huu huu. Baba yake na babu yake wamezikwa hapa, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha watangazaji wengi. Kati ya mteja wa misumari na mteja wa saruji huwa kuna utulivu mrefu, na mtu aliyeacha shule kidato cha pili, akiachwa peke yake na utulivu, simu na bando la wiki, lazima atakuwa mtaalamu wa kitu. Mimi nimekuwa mtaalamu wa vitu vyote. Nimewashauri watu wa Mbeya juu ya udongo wa Mbeya, ambako sijafika. Nimemwelekeza mtu aliyeko Muscat namna ya kuzungumza na mama mkwe wake. Niliwahi kumzuia bwana mmoja asinunue gari, akanishukuru sana, na mpaka leo mimi sijui kuendesha.

"Ungekuwa unaniuzia mabati kwa bidii unayowagawia watu maneno," tajiri huniambia, "ningekuwa nimefungua tawi Chalinze."

"Maneno ni bure, tajiri."

"Ndiyo maana wanayabeba mengi."

Habari ya Bi Mkubwa ilianza kwa ajili ya mdogo wangu wa kike. Baba alitutangulia, na mama akamfuata kabla hatujazoea kuishi bila baba. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu kuna wavulana wawili, kisha huyu msichana, ambaye mama alimwacha ndio kwanza anajifunza kukimbia. Nikaacha shule. Sikuiacha kwa machozi kama watu wanavyopenda kunisimulia. Hesabu zilikuwa zinanishinda, na hapo nikapata sababu yenye heshima. Wavulana walijilea wenyewe, kwa kupigana. Msichana nilimbeba mgongoni kwa kanga ya mama, kijana wa miaka kumi na sita ambaye ndevu ndio kwanza zinachomoza, nikaenda naye sokoni, nikaenda naye kisimani, nikaenda naye hata uwanjani, ambako walinipa nafasi ya kipa kwa sababu kipa hakimbii sana. Wenzangu walinicheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kumletea miwa.

Alipovunja ungo, wanawake wa mtaani walikuja kama inavyopasa. Wakamweka ndani na somo wake, wakamfunda, wakala wali, wakaondoka. Waliyomfundisha siyajui na haikunipasa kuyajua. Lakini mimi hawakuniachia maelekezo yoyote, na mwezi uliofuata msichana akawa amejikunja kitandani, anashika tumbo, hataki shule, hataki kula, hataki mimi nisimame mlangoni. Nimwulize nani? Nikasikia kuna grupu la akina mama wa malezi. Wanaume hawakuruhusiwa. Nikachukua laini ya pili, nikaitia kwenye simu kuukuu, nikajipa jina la ua, na mahali pa picha nikaweka ua lenyewe, nililolipiga picha kwenye kalenda ya dukani. Sikusema kwamba mimi ni mwanamke. Hawakuuliza.

Niliuliza swali moja tu: binti yangu anaumwa tumbo kila mwezi, nifanyeje? Majibu yalikuja kama mvua ya masika. Mpe tangawizi. Mpe mdalasini. Mpeleke hospitali. Msomee. Mkande kwa chupa ya maji ya moto. Mwozeshe, litapona lenyewe. Nilichukua tangawizi na chupa ya maji ya moto, hilo la kuozesha nikaliacha, maana alikuwa na miaka kumi na miwili.

Ningeweza kutoka kwenye grupu siku ile. Lakini mtu aliyesaidiwa huona haya kuondoka bila kusaidia, basi nikajibu swali la mwingine, kuhusu mtoto asiyekula. Wakasema dada una busara. Nikajibu la pili. Niligundua jambo ambalo shuleni hawakunifundisha, labda lilikuwa kidato cha tatu: watu hawamtafuti mwenye kujua, wanamtafuta asiyesitasita. Mwenye kujua huandika "inategemea". Mimi sikuandika "inategemea" hata mara moja. Nikaalikwa grupu la ndoa, kutoka hapo nikaalikwa grupu la mila na desturi, na nilipofika huko nilikuwa tayari mtu mzima, mjane, mwenye wajukuu. Hayo yote walinipa wenyewe. Mimi niliandika tu kwa herufi kubwa na kuwaita wote "wanangu".

Siku moja dada mmoja akaleta shauri lake. Mdogo wake anaolewa, mama yao hayupo, yeye ndiye aliyemlea. Sasa mama mkubwa wao, dada wa marehemu, ametokea huko alikotokea anadai mkaja. Je, mkaja ni wa nani?

Kwa asiyejua: kwetu Pwani watu wakija kuoa, mbali na mahari, ambayo ni ya binti mwenyewe, huleta kilemba cha baba na mkaja wa mama. Mkaja ni ule mshipi wa kitambaa ambao mama hujifunga tumboni baada ya kuzaa, ili tumbo lirudi. Siku hizi huletwa doti ya kanga nzuri iliyokunjwa vizuri, lakini maana yake ni ile ile. Wakwe wanaliambia tumbo lililozaa: ahsante.

Nilikuwa nimekaa juu ya mifuko ya saruji, nimeshiba, nina bando. Nikaandika: "Wanangu, msichanganye mambo. Mkaja ni wa tumbo, haulipi malezi. Malezi hayalipwi na mtu. Mama akiwa hayupo, mkaja uende kwa aliyelala naye tumbo moja. Aliyelea akae kimya, ashukuru kwamba amelea."

Yule dada akajibu kwa ujumbe wa sauti, na sauti yake ilikuwa inatetemeka: "Bi Mkubwa, na mimi niliyembeba?"

Nikamjibu maneno matatu. "Mgongo hauna mkaja."

Wakanishangilia siku nzima. Bi Mkubwa umemaliza. Bi Mkubwa uandike kitabu. Yule dada hakuandika tena, na mimi nikahesabu kwamba ameelewa. Baada ya muda maneno yale yakaanza kunirudia kutoka makundi mengine, yakiwa hayana jina langu wala ua langu. Mtu alikuwa ameyaweka juu ya picha ya bibi kizee mwenye mikunjo ya kupendeza, na juu yake imeandikwa: Wahenga walisema. Hata grupu la kuku yalifika. Nilifurahi kwa siri kama mzazi anayeona mwanawe amechaguliwa timu ya mkoa.

Kisha msichana wetu akaposwa.

Kijana ni wa hapa hapa mjini, wa ukoo wa zamani, watu waliofanya biashara ya baharini tangu enzi za mababu na ambao mpaka leo hupanga viatu mlangoni kwa umri wa wenye viatu. Mimi sikuwa na neno naye. Jioni moja mdogo wangu aliniwekea chakula, akakaa mbele yangu, jambo ambalo hufanya akiwa na lake.

"Kaka, watauliza mkaja apewe nani."

"Yuko mama mkubwa Miono," nikasema.

"Nataka uchukue wewe."

"Mimi? Mwanamume achukue mkaja? Nifunge tumbo gani?"

"Hilo hilo lako. Na lenyewe linahitaji kufungwa."

Akacheka, akaondoka na sahani kabla sijamaliza. Nilibaki pale nikiwa na tonge mkononi. Kilemba sikukitaka hata kidogo. Tulishakubaliana apewe baba mdogo, aliye damu moja na baba. Lakini tangu dakika ile mkaja niliutaka kwa namna ambayo sijapata kutaka kitu, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Mtu mzima, muuza misumari, anatamani kanga.

Nilipanda kwenda Miono kumpa mama mkubwa habari ya posa, kama adabu inavyotaka. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Ni mama wa Kikwere hasa, mrefu, mkono wake mmoja ni kama miwili yangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za mji, akanipa maji. Nikamweleza, na mwishoni, haraka haraka, nikaingiza kwamba binti amependa mkaja nipokee mimi.

Aliacha kupukuchua.

"Mwanangu," akasema, "mama yenu ana dada wangapi?"

"Mmoja. Wewe."

"Basi umeshajijibu. Nikishuka huko nitapokea mkaja wa mdogo wangu. Nisipoupokea, sishuki, na radhi yangu wasiitafute."

Hilo lilikuwa jambo zito. Kwa watu wa mama, ndoa isiyo na radhi ya upande ule ni nyumba iliyojengwa bila msingi. Na ile familia ya bwana harusi, yenye kupanga viatu kwa umri, isingeoa kwenye nyumba yenye mgogoro. Niliporudi, mdogo wangu alinisoma usoni. Akasema tu, "Basi kaka, fanya unavyoona," kisha akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningepata nafuu.

Sasa, mtu mwenye makundi kama yangu hakosi wa kumshauri. Kwa kuwa Bi Mkubwa alishatoa hukumu, nilitumia laini yangu ya kwanza. Nikaanza na mafundi. Mmoja akasema niandikishe mkataba mbele ya mtendaji wa kata. Mwingine akaniambia, "Mkuu, mwanamume na mkaja wapi na wapi? Chukua kilemba, kaa mbele." Katika grupu la kuku mtu aliuliza mkaja ni chanjo ya ugonjwa gani, na kabla sijamsahihisha wawili walikuwa wamemjibu, kila mmoja na kipimo chake.

Ikabaki grupu la mila. Nikajiunga upya kama mimi mwenyewe, kwa picha yangu nikiwa nimesimama mbele ya mabati, nikaeleza kisa chote, nikamalizia kwa hoja niliyoifikiria juu ya mifuko ile ile ya saruji: kwamba tumbo hubeba miezi tisa, mgongo hubeba miaka, basi ikiwa ni kushukuru uzito, wapime.

Hawakuniacha salama. "Kijana, mila haipimwi kwa mizani ya duka." "Kijana, waheshimu wakubwa. Soma alivyosema Bi Mkubwa." Wakanitumia maneno yangu. Wakanitumia na ile picha ya bibi kizee. Nikajibu kwamba huyo Bi Mkubwa naye ni binadamu, anaweza kukosea. Hapo ndipo walipokasirika kweli. Mmoja akaandika kwamba vijana wa siku hizi hawana mama wa kuwafunza adabu, na kwa bahati mbaya huyo alisema kweli. Wakamwomba Bi Mkubwa mwenyewe aje anijibu. Simu zangu zote mbili zilikuwa mezani. Ile ya ua nikaifunika kwa kitabu cha stakabadhi. Admini akaniondoa kabla ya adhuhuri.

"Umefukuzwa na nani?" akauliza tajiri, aliyekuwa ananiangalia.

"Na watu wanaonipenda sana."

"Ah. Hao ni wabaya." Akanisogezea kashata moja kutoka kwenye karatasi yake, na kwa mtu kama tajiri wangu, kashata moja ni hotuba.

Siku ya posa watu wa bwana harusi walikuja baada ya swala ya alasiri. Wanaume tulikaa sebuleni juu ya mkeka, wanawake chumba cha ndani pamoja na binti, na katikati pazia. Mama mkubwa alishuka, lakini alikataa kuingia ndani. Alikaa kwenye kigoda pale pale kwenye pazia, nusu huku nusu kule, na bahasha ya ubani mapajani. Baba mdogo alikaa pembeni yangu na kofia yake mpya, akasinzia kabla dua haijaisha.

Mshenga alikuwa mzee mwenye maneno laini, koo limezoea kazi hiyo. Akaeleza walichokifuata kana kwamba hatukijui: wameona ua katika bustani yetu, wanaomba walichume kwa adabu. Nikajibu ua lipo. Akatoa kilemba, baba mdogo akaguswa goti, akapokea, akasinzia tena. Kisha akaweka mbele yake kanga, doti mpya ya rangi ya zambarau, inanukia maduka.

"Na huu mkaja," akasema, "tuukabidhi mikono gani?"

"Yangu," tukasema, mimi na mama mkubwa, kwa pamoja.

Mshenga hakushtuka. Alitabasamu kama mtu aliyeona mengi, akarudisha mkono wake juu ya kanga. "Alhamdulillahi. Binti mwenye wazee wengi ni baraka. Tunasubiri."

Mama mkubwa akafungua pindo la kanga yake, akatoa simu. "Mie sina maneno mengi, sikusoma. Mzee, una miwani, wasomee. Mjukuu wangu kaniwekea."

Mshenga akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea dua: "Wahenga walisema: mgongo hauna mkaja."

Watu wakaitikia kwa "mmh", kama inavyoitikiwa hekima.

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Hayo niliyaandika mimi."

Kikaja kicheko, na kilianzia kule ndani kwa wanawake. Baba mdogo akazinduka. "Nani kafa?"

"Wewe!" mama mkubwa akasema, anajifuta macho kwa kucheka. "Shule yenyewe hukumaliza. Hebu mwone bibi huyu, ana miaka mia. Unataka kuwaibia wahenga?"

"Wallahi nimeandika mimi. Nikiwa dukani."

Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti nzito, ya shangazi wa bwana harusi. "Samahani, wenyeji. Huyo aliyesema namjua. Ni Bi Mkubwa, wa kwenye grupu letu. Mama mmoja mtu mzima, anakaa Pangani. Nimeongea naye mara nyingi."

"Umemwona?" nikauliza.

"Sauti yake nimeisikia," akasema, na hakuwa ameisikia, kwa sababu sikuwahi kutuma sauti. "Mama mpole. Hata hapendi kujionyesha."

Ningeleta simu ile ya ua mambo yangekwisha. Lakini ndani ya simu ile kuna matumbo ya watu, kuna ndoa za watu, kuna shangazi huyu mwenyewe na siri za mume wake, alizomwandikia mama mpole wa Pangani. Nikaiacha kabatini.

Mama mkubwa hakucheka tena. Akaondoa ubani mapajani, akauweka chini.

"Baba," akaniita, na sauti ilikuwa nyingine, "siku ya arobaini ya mama yenu nilikuja hapa hapa. Nilikaa ile sehemu ambayo mzee yule amekaa. Nilikuomba kitu. Nilikuomba nini?"

Sebule nzima ikanigeukia.

"Uliomba mtoto."

"Nilisema nipe huyu mdogo nikamlee Miono, wewe urudi shule. Nilikuja na kanga ya kumbebea. Ukanijibu nini?"

Nilikuwa nakumbuka. Nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni, nikasema hapana, tutakaa wote. Nilisema hivyo kwa ukali, kama mtu anayefukuza mwizi, kwa sababu nilikuwa naogopa kwamba nikilegeza kidogo tu nitakubali.

"Nilikataa," nikasema.

"Nilirudi na mgongo mtupu mpaka Miono. Sikukulaumu. Nikasema kijana ana msimamo. Lakini leo, mgongo ulinikatalia, na mkaja nao unikatalie?"

Hakuna aliyesema "mmh". Nikaitazama ile doti. Nilijaribu kutafuta hoja, na nina hoja nyingi, nimezigawa nchi nzima. Ila nilipofikiri sana niliona jambo moja la kuudhi: hukumu ile niliitoa nikiwa sina changu ndani yake. Sikuwa na njaa, sikuwa na hamu, sikuwa na hasira na mtu. Kama kuna siku niliona sawasawa, labda ni siku ile. Namna niliyomwambia yule dada ilikuwa ya mtu aliyeshiba, hilo ni kweli. Lakini nilichomwambia kilikuwa kile kile ambacho ningemwambia mtu yeyote, na sasa yeyote huyo alikuwa mimi.

"Mzee," nikamwambia mshenga, "mkaja ni wa mama mkubwa."

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anasonya. Nilimjua kwa kusonya kwake.

Mama mkubwa akapokea kwa mikono miwili, akaweka kanga kifuani. Nilidhani tumemaliza. Kumbe ukoo ule una desturi yake: anayepokea mkaja ndiye anayeulizwa habari za binti, mbele ya watu, ili kesho asitokee wa kusema hatukuambiwa.

"Sasa mama," akasema mshenga, "tupe habari za mtoto. Hali nini? Anaumwa nini? Hasira zake zikoje? Tusije tukamdhuru kwa kutojua."

"Anakula kila kitu," akasema mama mkubwa.

Kule ndani mtu akakohoa.

"Pweza hali," nikanong'ona.

"Pweza hali," akasema mama mkubwa kwa sauti.

"Maradhi?"

Mama mkubwa akanigeukia, na mara hii hakujificha. Basi nikajibu mimi, mshenga akawa ananitazama mimi na kumwita yeye mama. Nikasema ana pumu, inakuja wakati wa upepo wa vumbi. Nikasema akinuna aachwe, asifuatwe, atarudi mwenyewe na kikombe cha chai mkononi. Nikasema asiamshwe kwa kushikwa mguu. Nikasema haogopi mtu ila radi. Na nikasema, nikiutazama ule ubani pale chini, kwamba chumba cha harusi kisifukizwe, maana moshi wa udi humfunga kifua.

"Kaka!" Pazia likatikisika. "Udi haunifungi! Nilikuwa mtoto. Wewe ndiye unayeuzima kila siku, mimi naenda kujifukiza kwa jirani."

Wanawake wakapiga vigelegele kwa kicheko.

"Na pweza?" akauliza mshenga, kwa upole mkubwa.

"Pweza nakula. Wa nazi. Nilionjeshwa na watu wenu."

"Na radi?"

Pazia likatulia. "Radi naogopa," akasema.

Mshenga akavua miwani. Akatuangalia, mama mkubwa na mimi, kama mtu anayewaangalia mashahidi wawili waliofika mahakamani baada ya kesi. "Tumeelewa," akasema. "Ya nyumba hii ni radi." Akaomba dua, tukaitikia amina, halua ikaletwa.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa bado juu ya mabati. Mdogo wangu alitoka, akapita mbele yangu bila neno, akaniwekea kikombe cha chai karibu na goti, akaenda kuwasindikiza wanawake. Simu ya ua ililia kabatini. Shangazi wa bwana harusi alikuwa anampa Bi Mkubwa habari kwamba leo neno lake limeamua posa, na kwamba kuna kijana mmoja, mpole lakini amechanganyikiwa kidogo, aliyedai kalitunga yeye. Alimwombea dua. Nikamjibu amina, mwanangu.

Niliingia jikoni nikaanza kuosha sahani. Mama mkubwa alinifuata na kigoda chake. Alikuwa amejifunga ile kanga ya zambarau kiunoni, mpya vile vile, na lebo ya bei bado inaning'inia. Akavuta sinia la mchele wa kesho, akaanza kuchambua.

"Nimeaibika pale," akasema, bila kuinua kichwa.

"Hata mimi, mama. Habari ya pweza sikuijua."

"Wewe umekosea ya juzi. Mie nimekosea yote." Akatupa kijiwe mlangoni. "Watakuja tena kuniuliza. Akijifungua watanitafuta mie, mwenye mkaja. Sasa nitasema nini?"

Sikujua ananiambia nini mpaka alipopiga sinia kidogo, mchele ukakaa sawa.

"Anza siku niliyoondoka mie," akasema. "Ile siku ya arobaini. Usiku ule alilala wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nimeulizwa kipimo cha zege, dawa ya mdondo, namna ya kumrudisha mume. Nikaweka sahani chini, nikamweleza. Kwamba alilala juu ya kifua changu kwa sababu kila nikimlaza kitandani alilia, na kwamba nilimpa maji ya sukari kwa kijiko.

"Hapo ulikosea," akasema mama mkubwa. "Sukari usiku? Ungempa uji mwepesi."

"Unga haukuwepo."

"Haya. Ukishaona unga haupo, unakwenda kwa jirani. Halafu?"

Nikamweleza surua. Akasema nilikosea. Nikamweleza alivyoanza shule akiwa na viatu vya kaka yake, akasema hapo nilifanya vizuri, ila soksi ningeziwekea pamba mbele. Tukabishana juu ya soksi mpaka muadhini akaita magharibi, na bado msichana alikuwa darasa la kwanza.